Gugu Karoti: Historia ya Jina na ya Mmea Wenyewe

Utangulizi

Kazi ya istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa ni kazi ya mezani tu: neno la kigeni huletwa, hutafutiwa neno la Kiswahili, kisha huandikwa katika orodha na kupelekwa kwa wachapaji. Wapo wanaoamini kwamba kosa katika orodha ya namna hiyo halimdhuru mtu, isipokuwa labda mwanafunzi aliyekabiliwa na mtihani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba yapo majina ambayo usahihi wake unahusu ngozi ya mkulima, pumzi ya mtoto wake na maziwa ya ng'ombe wake. Jina tulilolichagua liwe mfano ni gugu karoti.

Mmea unaoitwa kwa jina hilo ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Majani yake ni ya kijani kilichofifia, nayo yamechanjwachanjwa vizuri kama majani ya karoti. Maua yake ni vichwa vidogo vyeupe ambavyo, vikijaa kando ya barabara au katika malisho, huonekana kwa mbali kama shuka nyeupe iliyotandazwa. Mtu asiyeujua huupenda. Huko Pakistan vitawi vyake vyenye maua hutiwa katika mashada ya kupambia. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na katika mmea huu ndani hamna kipande cha mti tu, mna sumu.

Tutaeleza kwanza mmea wenyewe na tabia zake. Kisha tutafuata majina uliyopewa katika baadhi ya nchi ulizopitia, kwa kuwa kila jina lina historia yake na funzo lake. Halafu tutalipima jina letu la Kiswahili kwa mizani ya kanuni za istilahi, na mwisho tutatoa mapendekezo machache kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Mmea na tabia zake

Jina la kisayansi la mmea huu ni Parthenium hysterophorus. Lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwanamwali. Sehemu ya pili kwa kawaida huelezwa kuwa imeundwa kutokana na neno la tumbo la uzazi na lile la kubeba. Mtu akiufahamu wingi wa mbegu za mmea huu ataona kwamba sehemu ya pili inausema ukweli kuliko ile ya kwanza.

Asili yake ni nchi za joto za Amerika, hasa zile zinazoizunguka Ghuba ya Mexico, pamoja na sehemu za kati za Amerika ya Kusini. Jambo moja linalofaa kukumbukwa na kila mwenye kushughulika na majina ni kwamba mmea huu hauna undugu na karoti. Ni wa jamii moja na alizeti. Kufanana kwake na karoti ni kwa majani tu, tena hasa unapokuwa mchanga.

Mbegu ikiota, majani ya kwanza hutandaa juu ya ardhi kwa umbo la duara, bila shina linaloonekana. Baadaye shina huinuka, likawa na mifuo iliyokwenda wima toka chini hadi juu, na vinyweleo laini. Hutoa matawi mengi upande wa juu, na mmea waweza kufika urefu wa mita moja na nusu, pengine hata mita mbili. Kila kichwa cha ua kina upana wa milimita nne hivi, na kikitazamwa kutoka juu huonekana kuwa na pembe tano. Kila kichwa huweza kutoa mbegu tano nyeusi. Idadi hiyo ni ndogo ikitazamwa peke yake. Lakini mmea mmoja una vichwa maelfu, na kwa hiyo mmea uliostawi huweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na wakati mwingine zaidi sana ya hizo.

Mbegu hizo ni nyepesi. Huchukuliwa na maji ya mvua, na tope linaloshika katika magurudumu na kwato, na majani makavu ya kulishia mifugo, na mchanga wa kujengea, na hata mbegu za mazao zisizopepetwa vizuri. Zikifukiwa ardhini hukaa miaka kadhaa zikiwa hai. Na mmea wenyewe hauna subira: mahali penye unyevu na joto huweza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuota.

Sumu yake kuu huitwa parthenini. Mtu anayeushika mmea huu mara kwa mara kwa mikono mitupu huweza kupatwa na ugonjwa wa ngozi: mwasho mkali, uvimbe, na ngozi kupasukapasuka mikononi, shingoni na usoni. Baadhi ya watu, mara tu mwili ukishauchukia, hawawezi tena kupita karibu nao bila ya kuumwa. Chavua yake husababisha mafua ya mzio na huzidisha pumu. Mifugo kwa kawaida huukwepa kwa sababu ya uchungu wake. Lakini malisho mengine yanapokwisha hulazimika kuula, na hapo maziwa na nyama huingia uchungu. Mnyama akiula kwa wingi hupata vidonda mdomoni na tumboni, na huweza kufa.

Shambani nako haukai kwa amani na jirani. Hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota na kukua. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya mtama ya mashariki mwa Ethiopia, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba gugu hili likiachwa msimu mzima bila kupaliliwa hupunguza mavuno kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 97, kwa kutegemea mahali na mwaka. Asilimia 97 maana yake ni kwamba mkulima aliyetazamia magunia mia anavuna matatu.

India: jina la uzuri na jina la lawama

Historia ya majina ya mmea huu ina mafunzo mengi zaidi huko India kuliko popote pengine. Mwaka 1955 uligunduliwa umeota Pune, magharibi mwa nchi hiyo, na mwaka uliofuata R. S. Rao alichapisha taarifa iliyoutambulisha kwa wataalamu kama mmea mpya nchini. Baada ya hapo ulienea kwa kasi kubwa katika karibu nchi nzima, na kila mahali ulipofika ulipewa jina.

Majina hayo yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la majina ya uzuri. Wasemaji wa Kimarathi waliuita chatak chandani, jina linaloyahusisha maua yake na mwanga wa mbinguni wakati wa usiku. Pia uliitwa safed topi, yaani kofia nyeupe. Aliyetoa majina hayo aliuona mmea ukiwa umechanua, akapendezwa. Fungu la pili ni la mfanano: kwa Kihindi uliitwa gajar ghas, yaani nyasi ya karoti.

Fungu la tatu ni la lawama. Katika sehemu nyingi mmea huu hujulikana kuwa ni nyasi ya Congress. Wako wanaosema kwamba sababu ni weupe wa maua, unaofanana na kofia nyeupe walizovaa wanachama wa chama hicho cha siasa. Wengine husema kwamba mmea uliingia na ngano ya msaada kutoka Marekani wakati chama hicho kikiwa madarakani, na kwa hiyo raia waliutwisha mzigo wa jina wale waliopokea ngano.

Masimulizi ya ngano yamerudiwa mara nyingi, na aghalabu hutajwa sheria ya Marekani ya mwaka 1954 iliyohusu kuuza nafaka za ziada kwa nchi zenye upungufu. Hapo mwanahistoria hana budi kusita. Mapatano ya kwanza ya India chini ya sheria hiyo yalitiwa sahihi mwezi wa Agosti mwaka 1956, ilhali mmea ulikwisha kuonekana Pune mwaka 1955. Mmea hauwezi kuletwa na meli ambayo haijang'oa nanga. Hata hivyo India ilikwisha kupokea ngano ya Marekani kabla ya hapo, kwa mkopo wa mwaka 1951. Kwa hiyo hoja ya kwamba mbegu zilisafiri pamoja na nafaka haianguki. Kinachoanguka ni tarehe ya masimulizi.

Funzo tunalolipata hapa ni hili: jina la lawama huhifadhi hasira ya watu, wala si lazima lihifadhi tarehe. Mfasiri anayekutana na jina kama hilo katika maandishi ya kigeni asilichukue kuwa ni ushahidi wa historia ya mmea. Achukue kuwa ni ushahidi wa historia ya watu waliousema.

Australia, Ethiopia na Afrika ya Kusini

Mwaka huo huo wa 1955 mmea huu ulionekana Toogoolawah, katika jimbo la Queensland nchini Australia. Kuingia kwake mahali hapo kumehusishwa na mitambo na vipuri vya ndege vilivyoletwa kutoka Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Uliingia tena karibu na Clermont mwaka 1960, safari hii pamoja na mbegu za nyasi za malisho zilizotoka Texas, na ni uvamizi huo wa pili ulioleta hasara kubwa kwa wafugaji. Waaustralia hawakuupa jina la kienyeji. Walilichukua jina la kisayansi na kulitanguliza neno la gugu. Jina hilo halina lawama wala sifa. Lina usahihi, lakini halimwambii mtu ambaye hajauona mmea jambo lolote litakalomwezesha kuutambua.

Katika Ethiopia mmea ulianza kutajwa katika maandishi ya kitaalamu miaka ya 1980, hasa kutoka pande za Dire Dawa na Harar. Maelezo mawili hutolewa kuhusu kuingia kwake: moja ni magari na zana za vita kati ya Ethiopia na Somalia katika miaka ya 1977 na 1978, na jingine ni nafaka za msaada wakati wa njaa ya miaka ya 1980. Wasemaji wa Kioromo katika sehemu za mashariki waliuita faramsiisa. Maana yake ni kumfanya mtu atie sahihi, yaani aisalimishe ardhi yake. Ni jina zito sana. Halisemi mmea una rangi gani wala majani ya namna gani. Linasema mwisho wa habari, yaani mkulima ameshindwa, na shamba limekwisha kubadili mwenyewe.

Katika Afrika ya Kusini mmea ulikusanywa Natal tangu mwaka 1880, lakini ulikaa kwa zaidi ya miaka mia moja bila kufanya ghasia. Baada ya tufani iliyoitwa Demoina, mwaka 1984, ndipo ulipoenea kwa wingi. Huko huitwa kwa jina ambalo tafsiri yake ni gugu la njaa. Hili nalo ni jina la matokeo, kama lile la Kioromo.

Kuingia kwake Afrika ya Mashariki

Katika Kenya mmea huu ulijulikana katika mashamba ya kahawa tangu katikati ya miaka ya 1970. Uganda ulitambuliwa mwaka 2008. Katika Tanzania ulitambuliwa Arusha mwaka 2010, na mwaka huo huo ulionekana pia kando ya Mto Mara katika mbuga za Kenya. Ni wazi basi kwamba Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 haikuweza kuwa na jina lake, na hata orodha za istilahi zilizoanza kutolewa kwa jina la Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970 hazikuwa na haja nalo. Lugha ilikuta kitu kabla haijawa na neno.

Hali hiyo si ngeni. Kiswahili kimekwisha kupokea mimea mingi kutoka ng'ambo na kuipa majina kwa njia zake chenyewe. Neno mahindi linaihusisha nafaka hiyo na India, ilhali asili yake ni Amerika. Hapo jina limehifadhi njia ambayo wasemaji waliidhania, wala si chimbuko la mmea. Mwarobaini, mti uliotoka Asia, ulipewa jina kwa sababu ya maradhi arobaini yanayodaiwa kutibiwa nao. Hata mimea midogo ilipewa majina kwa tabia zake: kishonanguo hushona nguo za mpita njia kwa mbegu zake, na kifauongo hujikunja kikiguswa kana kwamba kimekufa. Na pale palipokuwa na hatari, lugha haikunyamaza. Mtoto wa Mwambao aliyeambiwa neno upupu hakuhitaji maelezo zaidi, na neno utupa lilitosha kumkumbusha mvuvi kwamba mmea huo huua samaki.

Gugu karoti limeundwa kwa njia ya kuambatanisha majina mawili bila ya kiunganishi. Njia hii ilikwisha kuzoeleka katika jina gugu maji, lililotumiwa kwa mmea mwingine wa kigeni wenye maua mazuri, ambao ulionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo jina jipya lilikuta kielelezo kipo tayari, na wasemaji wakalipokea bila ya tabu.

Kulipima jina

Sasa tuulize: je, jina hili linafaa? Kanuni zinazofuatwa katika kuunda istilahi zinataka neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Zinataka pia neno liwe fupi, litamkike, likubaliane na sarufi, na lisigongane na neno jingine. Kwa vipimo hivyo gugu karoti halina dosari kubwa. Karoti ni neno la mkopo, lakini ni mkopo uliokwisha kulipwa. Hakuna soko lisilolijua.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Inaweza kusemwa kwamba jina hili linadanganya. Karoti ni chakula, tena chakula ambacho walimu na wauguzi huwahimiza watoto wakile. Je, si hatari kumpa mmea wa sumu jina la mboga? Je, haifai tulitafute jina lenye onyo ndani yake, kama upupu? Kuna waliopendekeza majina ya aina ya gugu sumu; na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa maana mdharau mwiba mguu huota tende.

Tumeipima hoja hiyo, na kwa maoni yetu jina gugu karoti lifaa kubaki. Sababu yetu inatokana na historia tuliyoieleza hapo juu. Tukiyapanga majina ya nchi mbalimbali tutaona kwamba kila moja linauona mmea katika umri tofauti. Majina ya uzuri ya India yanauona ulipochanua. Majina ya Ethiopia na Afrika ya Kusini yanauona ulipokwisha kushinda. Majina ya karoti, la Kihindi na letu, yanauona ukiwa mchanga, majani yakiwa yametandaa juu ya ardhi na shina halijainuka.

Tofauti hiyo si ya kishairi. Kung'oa mmea huu kunafaa zaidi kabla haujatoa maua. Ukishachanua, kazi ya kuung'oa huongeza chavua hewani, na mbegu zikikomaa kila mmea unaokokotwa hadi mpakani mwa shamba hupanda mimea mingine njiani. Mkulima ana takriban wiki nne. Jina linalomfundisha kutazama majani linampa muda wa wiki hizo. Jina linalomfundisha kutazama maua linamfikisha msibani baada ya maziko.

Kuhusu jina gugu sumu, ugumu wake ni kwamba halitambulishi mmea mmoja. Magugu yenye sumu ni mengi. Istilahi inayofaa kwa vitu kumi haifai kwa kimoja. Onyo ni la lazima, lakini mahali pake ni katika fasili, na katika neno gugu lenyewe ambalo katika Kiswahili halijapata kusifiwa.

Hapo ndipo tunapopaona hatari ya kweli. Hatari haimo katika neno karoti. Imo katika kuliacha neno gugu. Mtu akisema kwa kifupi kwamba karoti hizi zimeota kando ya barabara, amekwisha kuutoa mmea katika fungu la adui na kuutia katika fungu la chakula. Vivyo hivyo jina karoti mwitu halifai hata kidogo. Katika Kiswahili neno mwitu huonyesha kwamba kitu ni cha aina ile ile ila hakikufugwa wala kupandwa: nguruwe mwitu ni nguruwe, na paka mwitu ni paka. Anayesema karoti mwitu anadai kwamba huu ni mkaribu wa karoti, jambo ambalo si kweli. Isitoshe, karoti wa porini yupo katika nchi nyingine, naye ni mmea mwingine kabisa.

Namna ya kuutambua

Kwa kuwa jina limesimama juu ya mfanano, fasili haina budi kusimama juu ya tofauti. Mmea ukiwa mchanga waweza kuchanganywa na karoti, na hata na giligilani. Jani la karoti limechanjwa vipande vyembamba zaidi, na likipondwa hunuka karoti. Gugu karoti lina majani mapana kidogo, yenye vinyweleo vinavyolifanya lionekane kana kwamba limepakwa vumbi. Chini ya ardhi halina mzizi mnono wa rangi ya chungwa.

Mmea ukikua tofauti huwa wazi zaidi. Karoti ikiachwa ichanue hutoa maua yaliyokusanyika kwa umbo la mwavuli. Gugu karoti hutoa vichwa vingi vidogo vilivyotawanyika juu ya vitawi, kila kimoja kikiwa na pembe tano. Shina lake lina mifuo ya wima na hutoa matawi mengi juu. Asiwepo mtu wa kulithibitisha kwa kulionja au kwa kulisugua mkononi.

Fasili tunayoipendekeza kwa ajili ya kamusi na orodha ni hii:

gugu karoti nm ma- [li-/ya-]: mmea wa kigeni wenye sumu, wa jamii ya alizeti, wenye majani yaliyochanjwa yanayofanana na ya karoti, shina lenye mifuo ya wima na vichwa vidogo vyeupe vya maua vyenye pembe tano, hudhuru ngozi na pumzi za watu, hutia uchungu maziwa na nyama ya mifugo, na huzuia mazao kukua, Parthenium hysterophorus. Wingi: magugu karoti.

Mapendekezo

Kwa wafasiri. Mnapofasiri maandishi ya kilimo, afya au forodha, tumieni gugu karoti peke yake, na mara ya kwanza liambatane na jina la kisayansi. Msilifasiri jina la lawama au la njaa neno kwa neno kana kwamba ni jina la mmea katika Kiswahili. Ikiwa maandishi yanahusu historia ya jina lenyewe, litajeni kwa lugha yake kisha lielezeni. Upatanisho wa kisarufi ufuate neno gugu: gugu karoti limeota, magugu karoti yameng'olewa. Isiandikwe gugu karoti imeota, kwa maana hapo msomaji hufuata karoti na kulisahau gugu.

Kwa walimu. Somo la mmea huu linafaa katika Kiswahili sawasawa na katika sayansi. Mwanafunzi aweza kulinganisha majina kama kishonanguo, upupu, mahindi na gugu karoti, akaona ni jambo gani kila jina linaloliangalia: tendo, athari, njia au umbo. Somo hilo lifanywe kwa picha au kwa mchoro ubaoni. Wanafunzi wasitumwe kuleta mmea darasani, wala wasipewe kazi ya kuung'oa kwa mikono mitupu.

Kwa watumishi wa serikali. Tangazo moja likitumia jina la kisayansi, la pili neno magugu vamizi na la tatu gugu karoti, mkulima ataamini kwamba ameonywa juu ya mimea mitatu, au hatajiona ameonywa juu ya wowote. Jina liwe moja katika nyaraka zote, kuanzia barua ya wizara hadi karatasi iliyobandikwa katika ofisi ya kijiji. Na kila tangazo litaje mambo manne kwa mfuatano: majani yanavyoonekana kabla ya maua, madhara kwa ngozi na mifugo, kuvaa glavu na kufunika mikono wakati wa kung'oa, na kung'oa mapema pamoja na mzizi. Pale ambapo wananchi wana jina lao la kienyeji kwa mmea huu, jina hilo liandikwe kando ya lile la Kiswahili. Kusanifisha si kufuta.

Hitimisho

Jina halipalilii shamba. Nchi zilizouita mmea huu kwa majina makali hazikuokoka kwa ukali wa majina, na zile zilizouita kwa majina mazuri hazikushindwa kwa sababu ya uzuri wake. Lakini hakuna anayeweza kung'oa asichokitambua, na utambuzi huanza pale mtu anapoweza kumwonyesha jirani yake kwa kidole na kusema neno ambalo wote wawili wanalielewa kwa maana moja. Neno hilo kwetu ni gugu karoti. Tunawaomba wasomaji waliomo mikoani na katika nchi jirani watuletee majina mengine yanayotumika kwao kwa mmea huu, pamoja na maelezo ya maana yake, ili yaingizwe katika kumbukumbu za istilahi za kilimo kabla hayajasahauliwa.